Ufito Unaojisimamisha: Kuunda Gurudumu la Mjibizo Ukiwa Malindi

Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini ambako Waitaliano walikuwa wakirushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout ilipaa kutoka hapo ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza ulimwenguni kuundwa makusudi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Habari ya roketi husimuliwa sana. Ya gurudumu lililozunguka ndani ya setilaiti ili isiyumbe haisikiki, na ndiyo inayotuhusu hapa.

Setilaiti haina pa kukanyaga wala pa kushika. Ikitaka kugeuka upande mmoja, njia mojawapo ni kuzungusha kitu ndani yake kuelekea upande wa pili. Mota inapolisukuma gurudumu kwenda kulia, gurudumu nalo huisukuma mota, pamoja na kila kilichofungwa nayo, kwenda kushoto kwa nguvu ileile. Hiyo ni sheria ya tatu ya Newton, ile tuliyoikariri shuleni bila kuiona ikifanya kazi. Gurudumu la namna hiyo tuliite gurudumu la mjibizo. Tutaunda dogo la kusimamisha ufito wa sentimita 20 juu ya meza. Baadhi ya vifaa viko kwa fundi baiskeli wa mtaani, vingine vitakuja na basi kutoka Mombasa au Nairobi.

Kabla ya kununua chochote

Shika hili kwanza, maana yote yanayofuata yanatoka hapa: gurudumu linalozunguka kwa mwendo uleule halisukumi kitu. Linasukuma wakati linaongeza mwendo au linapunguza. Basi.

Wengi hudhani kwamba gurudumu likizunguka kwa kasi, ufito utatulia wenyewe kama pia wanayochezea watoto. Kweli yapo magurudumu ya aina hiyo, na la Uhuru lilikuwa mojawapo: lilizungushwa mfululizo ili mhimili wa setilaiti usigeuke ovyo. Lakini kwenye ufito wetu mhimili wa gurudumu uko sambamba na bawaba iliyo chini ya ufito, ile unayoinamia, kwa hiyo mzunguko wa mfululizo hautusaidii hata kidogo. Tunachokula ni mabadiliko ya mwendo.

Tazama pia tofauti na mashua za mashindano kule Lamu. Mashua ikilazwa na upepo, mabaharia hutoka wakakaa juu ya ubao uliochomoza nje upande wa upepo, na uzito wao ukaivuta mashua irudi. Pale uzito umehama. Gurudumu letu halihamishi uzito popote, linakopa tu msukumo kutoka kwenye mabadiliko ya mwendo wake lenyewe. Na mkopo huo una kikomo, kwa sababu mota ina mwendo wa juu ambao haiwezi kuupita.

Tupige hesabu. Chukua ufito na vyote vilivyo juu yake kuwa gramu 400, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 12 juu ya bawaba. Ukiinama digrii 3, uzito unauvuta chini kwa nguvu ya kuzungusha ya karibu newton-mita 0.025. Gurudumu lenye gramu 100 zilizokaa ukingoni, sentimita 5 kutoka katikati, litaweza kuikabili nguvu hiyo likiongeza karibu mizunguko 940 kwa dakika katika kila sekunde moja. Mota ikiishia mizunguko 4,000 kwa dakika, ndani ya sekunde nne na kidogo gurudumu limefika mwisho na ufito unaanguka.

Kwa hiyo mashine hii haishikilii mwinamo. Inatakiwa iuondoe mara moja ukiwa bado mdogo, kisha itafute nafasi ya kulipunguza gurudumu mwendo. Anayeelewa hivyo atachagua mota na namba zake kwa akili. Asiyeelewa atanunua mota kubwa zaidi na zaidi, na ufito utaanguka vilevile.

Hatua ya kwanza: vijue vihisi kwa simu yako

Usikimbilie kununua kihisi. Simu nyingi za sasa zina akselerometa, na zile zisizo za bei ya chini kabisa zina jairoskopu pia. Pakua programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, na ufungue vipimo hivyo viwili.

Laza simu mezani. Akselerometa itasoma karibu 9.8 kwenye mhimili unaoelekea juu: inahisi mvutano wa dunia, na kutokana na hapo hesabu inaweza kujua simu imeinama kiasi gani. Sasa igongegonge meza kwa kidole. Namba zinaruka hovyo, ingawa simu haijainama. Huo ndio udhaifu wake: haitofautishi mvutano wa dunia na mtikisiko wowote mwingine. Mota inayozunguka itaitikisa mfululizo.

Jairoskopu ni kinyume chake. Inapima kasi ya kugeuka, na kugonga meza hakuisumbui sana. Lakini simu ikiwa imetulia kabisa, jairo haisomi sifuri halisi. Husoma kitu kidogo, na ukijumlisha kitu hicho kidogo kila wakati ili upate pembe, kosa linakua. Kosa la digrii moja tu kwa sekunde hukupa digrii 60 za uongo baada ya dakika moja, huku simu haijasogea.

Kihisi kimoja ni mkweli kwa muda mrefu na mwongo kwa muda mfupi, kingine ni kinyume. Tutaviozesha.

Hatua ya pili: vifaa

Bodi ya Arduino Uno au Nano, kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, inatosha. Kihisi cha MPU-6050 kina akselerometa na jairoskopu ndani ya kijiwe kimoja, na kwa kawaida huuzwa kikiwa kwenye kibodi kidogo kiitwacho GY-521. Si kipya, si bora kuliko vyote, lakini kinapatikana kwa urahisi na mifano ya programu zake ni mingi.

Mota ndiyo ya kuifikiria. Tafuta ya volti 12 isiyo na gia na yenye enkoda ya kuhesabu mizunguko. Zile mota za manjano zenye gia za plastiki, zinazouzwa kwa vigari vya watoto, zikatae hata ukipewa bure. Gia zina mchezo: mota ikibadilisha upande, kwanza inazunguka bure kidogo kabla ya meno kushikana, na ufito wetu unategemea kubadilisha upande mara nyingi kwa sekunde. Mota ziondolewazo ndani ya mashine za kunakili karatasi zilizokufa mara nyingi hufaa, ukiweza kupata maelezo ya nyaya zake.

Kwa mota ya brashi utahitaji pia kiendeshi, yaani kibodi kinachoipa mota umeme kwa amri ya Arduino. L298N inauzwa kila mahali lakini hula karibu volti 2 au zaidi njiani, na volti hizo ndizo nguvu unayoitaka. Chukua chenye transista za MOSFET. Ongeza beringi mbili za namba 608, plaiwudi ya milimita 6, bolti, nati, na chanzo cha umeme cha volti 12. Betri za lithiamu unaweza, ila ziwe na kibodi cha ulinzi. Mwanzoni adapta ya ukutani ni salama zaidi, na umeme ukikatika, kama ilivyo ada, ufito utalala tu.

Hatua ya tatu: gurudumu

Uzito ukae ukingoni. Gramu kumi karibu na katikati hazifanyi kazi karibu yoyote, gramu kumi ukingoni zinafanya. Mwombe fundi anayekereza miguu ya viti akukatie kisahani cha plaiwudi cha kipenyo cha sentimita 12. Piga duara la nusu kipenyo cha sentimita 5, ligawe sehemu 12 sawa, toboa kwa keekee, kisha tia bolti 12 za milimita 6 zenye urefu wa milimita 20. Bolti hizo na nati zake zitafika karibu gramu 100. Zipime kwenye mizani ya jikoni.

Tumia nati zenye nailoni ndani, zile zisizofunguka kwa mtikisiko, na hapa sitanii. Kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, kila bolti inavuta kwenda nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8. Ikichomoka inaruka mita 20 kwa sekunde. Vaa miwani, keti upande wa ubavuni na si mkabala na ukingo wa gurudumu, na majaribio ya kwanza yafanye kwa nusu ya mwendo.

Kisha lisawazishe. Livishe kwenye shafti legevu na ulizungushe taratibu mara kadhaa. Upande mmoja ukija chini kila mara, huo ni mzito: tia washa (kile kisahani cha chuma cha kuwekea nati) upande wa pili. Dakika ishirini hapa zitakuokolea siku nzima baadaye, maana gurudumu lisilosawazishwa humtikisa kihisi na kihisi akisema uongo hakuna namba itakayokuponya.

Hatua ya nne: ufito na bawaba

Kata ufito wa plaiwudi wenye upana wa sentimita 4. Chini tia beringi mbili kwenye kipande cha shafti ya milimita 8, na shafti hiyo uifunge kwenye kitako kizito. Ufito uinamie kulia na kushoto tu, si mbele wala nyuma. Mota iwe juu, shafti yake ikielekea upande uleule na shafti ya bawaba. Ukiikosea hii, gurudumu litasukuma upande ambao ufito hauwezi kuuendea.

Kihisi kikae chini, karibu na bawaba. Kikiwa juu, kila ufito unapotikisika akselerometa husoma mwendo wa kutupwa huku na huku na kuudhania mwinamo. Kifunge imara kwa skrubu mbili ndogo. Nyaya ziingie kwenye ufito karibu na bawaba pia, ziwe laini na zilegee, maana waya mgumu ni kama kidole kinachousukuma ufito siku nzima.

Neno kwa sisi wa pwani: hewa ya chumvi hula viungo vya nyaya vilivyolehemewa kwa risasi na kuibadilisha pini kuwa kijani. Ukishahakikisha kila kitu kinafanya kazi, paka viungo vanishi ya kucha iliyo wazi, lakini usiimwage juu ya kihisi chenyewe. Plaiwudi nayo ipake vanishi ya mbao pande zote, la sivyo itavimba msimu wa mvua na gurudumu litakosa usawa. Na unapojaribu, zima pangaboi. Usilicheke hili mpaka uone upepo wa pangaboi ukiusukuma ufito upande mmoja tu, nawe unatafuta kosa kwenye programu.

Hatua ya tano: kuipata pembe

Kwenye Uno na Nano, unganisha pini za kihisi na za bodi: SDA na A4, SCL na A5. Anwani ya kihisi ni 0x68. Ukikiwasha huwa kimelala, kwa hiyo kwanza andika sifuri kwenye rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya kihisi) 0x6B. Andika 3 kwenye rejista 0x1A ili kichujio cha ndani kikate mitikisiko ya juu ya hezi 40 na kitu. Akselerometa inaanza kusomwa kwenye 0x3B, jairo kwenye 0x43. Kwa mpangilio wa kawaida, gawanya usomaji wa jairo kwa 131 upate digrii kwa sekunde.

Kila unapowasha, acha ufito umetulia umeegemea kitu, soma jairo mara 500, tafuta wastani, na wastani huo uutoe katika kila usomaji unaofuata. Kisha, mara 200 kwa sekunde, fanya hesabu hii:

pembe = 0.98 × (pembe + kasi_ya_jairo × 0.005) + 0.02 × pembe_ya_akselerometa

Ndiyo ndoa niliyoisema. Jairo inaongoza kwa muda mfupi, akselerometa inarekebisha polepole. Kwa 0.98 akselerometa huanza kutawala baada ya kama robo sekunde, na hiyo ni mapema mno kwa mashine inayotikisika. Ufito ukitetemeka, panda hadi 0.995 na muda huo unakuwa karibu sekunde moja. Hakikisha namba mbili zinajumlika kuwa 1.

Kwa nini mara 200? Ufito wa kimo hiki ukishaanza kuinama, pembe yake huongezeka maradufu takriban kila sehemu ya kumi ya sekunde. Programu inayochapisha maandishi kwenye kioo katika kila mzunguko itachelewa, na ufito hausubiri.

Hatua ya sita: kusukuma

Amri ya mota, kuanzia hasi 255 hadi chanya 255, ni hii:

amri = P × pembe + D × kasi_ya_kuinama + G × kasi_ya_gurudumu

P, D na G ni namba tutakazozitafuta kwa kujaribu; kasi ya kuinama inatoka kwa jairo, na ya gurudumu inatoka kwa enkoda. Anza kwa kuhakikisha upande. Weka P ndogo, D na G sifuri, ushike ufito kwa mkono na uuinamishe kulia. Gurudumu lazima liharakishe kuelekea upande uleule ufito unaoangukia, na mkononi utahisi ufito ukisukumwa kurudi. Likienda kinyume, geuza alama. Weka pia sharti kwamba pembe ikizidi digrii 10 mota izimwe, kwa sababu hapo haiwezi tena kuokoa: mota yenye newton-mita 0.04, kwa ufito wetu wa mfano, inashindwa kuanzia karibu digrii 5.

Kutokana na kikomo hicho unapata P ya kuanzia. Ukitaka nguvu zote zitoke kwenye digrii 5, gawa 255 kwa 5: karibu 50. D ianze na sehemu ya ishirini ya hapo, uipandishe mpaka ufito uache kuyumba harakaharaka. Ukianza kutoa sauti ya mtetemo mkali, umepita, rudi nyuma. Kwa P na D peke yake ufito utasimama sekunde chache, gurudumu likiongeza kasi upande mmoja, kisha utaanguka. Watu wengi hukata tamaa hapa, na wengine hununua mota mpya. Tatizo ni lile la mwanzo: mkopo umefika kikomo.

G ndiyo inayolipa, na alama yake ni chanya. Maana yake, gurudumu likiwa linazunguka kulia, tunaliamuru liongeze kidogo kwenda huko kulia. Linaonekana jambo la kipumbavu, ila fuatilia: kuongeza huko kunausukuma ufito uiname kushoto kidogo. Sasa uzito wa ufito unavuta kushoto, na ili kuuzuia, gurudumu lazima lijisukume kuelekea kushoto, yaani lipunguze mwendo wake wa kulia. Mvutano wa dunia ndio uliolipa deni.

Kuna sababu ya pili. Mota inayozunguka huzalisha umeme wa kupinga ule unaoingia. Ikiwa katika nusu ya mwendo wake wa juu, nusu ya amri yako inapotea katika kuutunza mwendo huo tu. Kiasi cha G cha kufuta upotevu huo ni 255 ugawe kwa mwendo wa juu: kwa mizunguko 4,000 ni karibu 0.064. Anzia hapo, kisha ongeza kidogokidogo. Ikizidi, ufito utayumba kwa mawimbi mapana ya polepole mpaka udondoke.

Ufito ukisimama lakini gurudumu linazunguka kulia tu bila kutulia, kosa si la G. Sifuri yako ya pembe imekaa kulia mno, kwa sababu kihisi hakikufungwa sawasawa au uzito umeegemea upande. Isogeze kushoto kwa sehemu ya kumi ya digrii, mara kwa mara, hadi gurudumu litulie likirudirudi huku na huku. Ukipenda, iache programu ijisogezee sifuri yenyewe taratibu ikitazama wastani wa mwendo wa gurudumu, na hapo hata ukibandika sarafu upande mmoja wa ufito utaona unajiegemeza upande wa pili na kuendelea kusimama.

Mlio mkali kama wa mbu unatokana na Arduino kukatakata umeme mara 490 tu kwa sekunde. Kwenye pini 9 na 10, ukibadilisha kigawanyo cha taima namba 1 (Timer1, saa ya ndani inayoendesha pini hizo) kiwe 1, inapanda hadi karibu mara 31,000, na sikio la binadamu halifiki huko.

Wanaofanya hivyo bila dunia ya kuwalipia

Setilaiti haina uzito wa kulipia deni. Zile zinazozunguka karibu na dunia hutumia koili za umeme zinazosukumana na usumaku wa dunia, na Uhuru pia ilielekezwa kwa sumaku. Zilizo mbali hutumia vijiroketi. Inahitajika angalau magurudumu matatu kwa pande tatu, na la nne huwekwa la akiba. Darubini ya Kepler, iliyorushwa 2009, ilikuwa na manne. Moja lilikufa Julai 2012, la pili Mei 2013, na kazi yake ya awali ikaishia hapo. Wahandisi baadaye waliisimamisha kwa mawili yaliyobaki wakisaidiwa na msukumo wa mwanga wa jua, na kwangu huo ni ufundi mkubwa kuliko kuirusha.

Hapa ardhini, chuo cha ETH Zurich cha Uswisi kiliunda mchemraba wa sentimita 15 uitwao Cubli, wenye magurudumu matatu, unaosimama kwa ncha ya pembe yake. Ulijiinua wenyewe kutoka mezani kwa kuzungusha gurudumu kisha kulifunga breki ghafla, mzunguko wote ukahamia kwenye mwili.

Ufito wako pia unaweza. Kwa vipimo vya mfano wetu, ukiwa umelala kabisa, gurudumu likifungwa breki ghafla kwenye mizunguko 3,200 hivi kwa dakika lina akiba ya kuuinua hadi wima. Breki ya kipande cha mpira wa baiskeli ikivutwa na mota ndogo ya servo inatosha. Badilisha lile sharti la digrii 10 ili mota iwake tena ufito ukikaribia wima, na kabla ya kila jaribio kaza upya nati zote kumi na mbili.